Kikizimwa Kimoja

Kinasa sauti kisicho na betri hakiwaki. Hilo halihitaji elimu. Sasa fundi sauti aliporudi chumbani kwake mchana na soda mkononi, akakuta vinasa vyake vitatu vimewasha taa nyekundu za kurekodi, na betri zote zimo kikombeni alimoziacha, alifanya nini? Alicheka. Mwenye kosa moyoni hucheka ovyo.

Vinasa hivyo ndivyo alivyorekodia tamasha la mdogo wake, mwimbaji. Kimoja mbele ya ngoma, kimoja upande wa watazamaji, na cha tatu, kiongozi wao, mezani kwake chini ya jukwaa. Aliviunga kwa waya ili vianze pamoja na sauti zisipishane. Ubaya wake ni kwamba kikizimwa kiongozi, vyote vinazimika, na kinasa hicho siku ile kilikuwa kinakula umeme wa jukwaani.

Wimbo wa mwisho ukiwa katikati, gitaa likijitamba, mdogo wake aliinama pale mezani. "Kaka, maiki inanipiga shoti. Zima umeme kidogo." Fundi akamjibu maneno machache, macho yake kwenye vinasa. Mdogo wake akatabasamu, akarudi, akashika maiki. Hakuumaliza ule wimbo.

"Umeme haubishi hodi," fundi aliwaambia waombolezaji. Mama yake akamwamini, maskini, akamshukuru Mungu kwamba angalau kaka mtu alikuwepo karibu. Shukrani ile ilimchoma fundi kuliko tusi.

Na sasa mama alikuwa ameomba kitu kimoja. "Niletee sauti ya mwanangu nimsikie." Fundi akakaa kuukata ule mnong'ono wa mdogo wake pale mezani, ulionaswa na kinasa kiongozi pamoja na jibu lake. Akaukata, ukarudi. Akaukata tena, akavaa hedifoni kuhakikisha, na humo masikioni akasikia pumzi, kisha harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani ingawa dirisha lilikuwa wazi na watu wanapita nje wakicheka, na waya uliounga vile vinasa ukaanza kujivuta mezani taratibu kuelekea mkono wake, na ile pumzi ikamsogelea, ikamsogelea, mpaka akaihisi shingoni, vuguvugu, ikisema, "Kaka, zima."

Alitoka mbio bila viatu.

Mganga aliyemwita, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, alifika mlangoni akanusa, akakataa kuingia.

"Ni mdogo wangu?" fundi alinong'ona.

"Mdogo wako amezikwa, mwache apumzike. Hili ni jini limevaa sauti yake."

"Basi lifukize! Weka ubani!"

"Ubani utakukohoza wewe tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna neno umelificha, na jini linalila. Mpe mwenyewe neno lake, litaondoka kwa njaa."

"Mwenyewe nani?"

Mganga alimtazama kama anayemtazama mjinga. "Unamjua."

Fundi akapata ujanja. Hatasema kitu. Ataicheza rekodi nzima bila kuikata, mama asikie mwenyewe, yeye atainamisha kichwa tu. Jioni mama akaja, akakaa kitandani, mikono mapajani. Wimbo ukaanza. Mama akalia polepole, akitikisa kichwa kufuata ngoma. Gitaa likaingia. Halafu, wazi kabisa: "Kaka, maiki inanipiga shoti. Zima umeme kidogo."

Baada ya hapo, kimya. Si gitaa, si watu. Jibu la fundi halikuwepo. Alibonyeza kurudisha nyuma, na kila aliporudisha, mdogo wake aliomba na hakuna aliyemjibu. Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda. Taa nyekundu zikawaka zote tatu.

Mama alikuwa ameacha kulia. "Alikuomba," alisema kwa sauti ndogo. "Ulimjibu nini?"

"Mama..."

"Ulimjibu nini mdogo wako?"

Fundi akapiga magoti. "Nilimwambia, 'Vumilia, utaniharibia rekodi.'"

Taa zikazimika kwa pamoja, na chumba kikanuka vumbi tu, kama zamani. Jini lilikuwa limeondoka. Fundi akanyoosha mikono kuishika miguu ya mama yake, na mama akaivuta miguu yake juu ya kitanda, taratibu, asiguswe.