Shati la Nili la Gbolabo

Haya yalimpata rafiki yangu Adewusi, fundi cherehani wa mtaa wa Itoku, hapa mjini Abeokuta, naye si mtu wa kutunga mambo. Gbolabo alimletea kitambaa cha nili, ile rangi ya buluu iliyokolea, kazi ya mwisho ya shangazi yake, mtia rangi aliyekatika kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kwetu mtia rangi huzikwa amefunikwa kitambaa chake cha mwisho.

"Si jana mlimzika nacho?" Adewusi aliuliza.

"Nilimvua kabla hajafukiwa, kaka. Udongo una macho ya kuona urembo? Nishonee shati la kutembelea, mikono mifupi."

"Shangazi aliyekulea?"

"Aliyeninyima nyumba! Shona bwana, acha woga."

Akashona. Wingu la mvua likatanda, mchana ukawa giza, umeme ukakatika. Kila alipopumzisha mguu kwenye cherehani, alisikia nyuma ya ukuta kitambaa kibichi kikipigwa jiweni: pwaa, pwaa. Akikanyaga, kimya. Na nyuma ya ukuta ule hapakai mtu, ni korongo tupu.

Gbolabo akaja kulijaribu. Alifunga kifungo cha shingoni, akacheka. "Haya, bibi kizee, njoo ulichukue!"

Kicheko kikageuka kikohozi. Wakahangaika na kile kifungo mpaka Adewusi akakikata kwa mkasi.

Shati lilikuwa kavu kabisa. Lakini shingoni mwa Gbolabo nili ilikuwa mbichi, inachuruzika: alama za vidole, vitano kulia, na kushoto vinne, bila gumba.