Zeze Juu ya Dungu

Ndugu zangu, Naftali mwenyewe anakubali kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye. Tusimbishie, mtu akijipatia jina linalomfaa, mwachieni.

Asubuhi hiyo nyumbani kwake, nje kidogo ya Manyoni, mambo yalikuwa shwari. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na mwaka huo uwele ulikuwa umeinama kwa uzito wa masuke. Binti yake Dina alikuwa ameshiba maziwa ya mbuzi. Mkewe Raheli alikuwa akichekecha unga. Naftali akamfungua mbuzi, akashika naye njia ya stesheni. Alirudi mikono haina kamba, kwapani ana zeze.

"Baba Dina, mbuzi yuko wapi?"

"Huyu hapa," akasema, akigonga kibuyu cha zeze. "Tena huyu hali majani."

Raheli hakucheka. "Wala hatoi maziwa."

Naftali hakuwa amegusa zeze tangu njaa kubwa iliyofuata vita ya Mjerumani. Ujanani alikuwa akipiga yeye, kaka yake Laurian akiimba. Njaa ile ikamchukua Laurian, na Naftali akaliacha zeze lake liliwe na mchwa. Sasa mvi zilikuwa zimemtoka, na sauti ya kaka yake ikaanza kumjia. Akilima, akichunga, alimsikia mtu akianza wimbo na kuukatiza katikati, kama anayengoja kupokelewa.

Zamu yake ya kuamia ndege, kuwafukuza wasile uwele, ilipofika, Raheli akampa kombeo na madongo. "Kweleakwelea hawana huruma, Baba Dina. Piga kelele mpaka sauti ikauke."

"Kwani zeze si kelele?"

Akapanda dunguni, kile kilingo cha mlinzi katikati ya shamba, na zeze lake. Kombeo akalitundika.

Mwanzoni vidole vilikuwa vigumu kama miiko. Kisha vikakumbuka. Na Laurian akaja, jamani! Naftali alimsikia waziwazi nyuma ya shingo yake, akiimba ule wimbo wao wa kupura nafaka. Akafumba macho asimpoteze. Akasikia mvumo mwanana, akadhani ni pumzi ya kaka yake. Mvumo ukazidi, naye akazidi kupiga.

Alipofumbua macho, ndege walikuwa wakiinuka kama moshi. Masuke yaliyoinama sasa yalisimama wima, mepesi, hayana kitu. Laurian alikuwa amenyamaza.

Miezi iliyofuata walichuma mlenda, wakakosa ugali wa kuulia. Maziwa, msiulize. Zeze lilining'inia ukutani, na upepo ukipenya, nyuzi zilivuma zenyewe. Dina, mbavu zikihesabika, alikuwa akiziba masikio: "Baba, mwambie baba mkubwa hatuna cha kumpa."

FUNZO

Kurudia kipaji cha ujana si kosa. Kosa ni kukinunua kwa maziwa ya mtoto, kisha kukichezea kwenye zamu ya kulinda chakula cha nyumba. Wafu wana subira, ndege hawana. Na mwenye kosa asimsingizie marehemu, kama alivyojaribu Naftali siku moja mekoni.

"Mama Dina, ndege wangekuja tu. Halafu aliyeniita ni Laurian, damu yangu. Ningemkataaje?"

Raheli hakuinua macho kwenye chungu cha mlenda.

"Laurian aliuawa na njaa. Kama ni yeye aliyekuita, alikuwa anakwambia ufukuze ndege."