Mahindi na Maharage Mlangoni pa Wodi

Kengele ya mwisho ya shule ilipolia, wenzake walikimbilia nyumbani, yeye akakimbilia hospitali. Si kwamba alikuwa mgonjwa, la! Alikuwa buheri wa afya, na miguu yake haikujua kutembea ikiwa inaweza kukimbia. Mama yake alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, na kila jioni binti alimngoja kwenye benchi la mlangoni ili warudi nyumbani pamoja.

Alikuwa darasa la sita, na wote walimwita Kiherehere. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa tangu mtoto yule ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Akiona chungu jikoni, anakiambia kimechemka. Akiona kuku uani, anamwambia arudi bandani. Jina likamganda kama ukoko kwenye sufuria.

"Kitendawili!" sauti ilimwita kutoka kitanda kilichokuwa karibu na mlango.

"Tega!"

"Kila nikimwogesha mwenzangu, mimi ndiye ninayekonda."

"Sabuni! Kila siku sabuni, Kibogoyo. Huna kingine?"

"Ninacho hicho kimoja. Vingine vitaota pamoja na meno."

Kibogoyo alikuwa mtoto mdogo asiye na meno ya mbele. Alivunjika mguu aliporuka kutoka juu ya ukuta, akiamini kwamba ndege wanaruka kwa sababu hawaogopi. Sasa mguu ulikuwa ndani ya plasta nyeupe, na yeye alihesabiwa kuwa mwenyeji wa wodi.

Jioni hiyo mama alitoka akaketi kwenye benchi, akavua viatu, akapumua.

"Mwanangu, nina jambo linanisumbua. Mtoto analetwa hapa na kikohozi. Kikohozi kinapona, lakini kabla hajatoka anaanza kuharisha. Mwingine kaja na mguu, naye tumbo. Mguu na tumbo, wapi na wapi?"

"Labda ni uji wa hapa," alisema Kiherehere. "Nauona ulivyo."

"Uache uji wa watu. Tumeuangalia, hauna neno. Maji ya kunywa yanachemshwa. Sisi wauguzi tunanawa kila tukitoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule. Waliobaki ni wageni wa jioni. Wanatoka huko nje, wanaingia, wanawalisha watoto kwa mikono yao. Bomba liko mwisho wa korido, nani atalifuata? Nadhani tukiwasogezea maji mlangoni, watanawa."

"Basi weka ndoo, mama, yaishe!"

"Nitaweka. Lakini kudhani si kujua. Lazima nitazame kama kweli wananawa, na kama kweli matumbo yanatulia. Huo ndio utafiti."

"Utafiti ndio nini hasa?"

Mama alifikiri kidogo. "Ni kitendawili ambacho hata aliyekitega hajui jibu. Hata umpe mji, hana la kukwambia. Jibu mnalitafuta wote."

Basi ikawekwa ndoo yenye koki juu ya kigoda mlangoni, na sabuni kando yake. Mama akampa Kiherehere kopo lenye kifuniko kilichotobolewa, na mifuko miwili midogo.

"Mgeni akinawa, tia punje ya mahindi. Akipita bila kunawa, tia harage. Ila usiseme neno lolote. Kwenye kazi hii wewe ni jicho, si mdomo."

Bibi aliposikia habari hiyo nyumbani, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Huyu anyamaze? Mwanangu, umemkataza samaki asilowe!"

Siku ya kwanza Kiherehere alijitahidi kweli. Aliuma midomo, akakalia mikono. Wageni walikuja, wakaitazama ndoo kama watu wanaotazama nyumba ya jirani, wakapita. Harage, ko! Harage jingine, ko! Mara moja moja punje ya mahindi. Ilimuuma sana, na kilichomuuma zaidi kilikuwa bado njiani.

Kilikuja na Mzee wa Stoo. Huyu ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala la hospitali, na kumtoa ndoo ilikuwa kama kumng'oa jino. Alipita na mashuka begani, akasimama.

"Naona ndoo yangu imegeuka pambo," alisema. "Ningejua, ningeitia maua. Mwambie mama yako watu hawa hawabadiliki." Akaenda zake akicheka.

Kiherehere aliwaka hasira. Mama yake, mtu asiyelala kwa ajili ya watoto wa watu, achekwe na mtu wa mashuka? Jioni mama alipolimwaga kopo, maharage yalijaa mkeka. Hakukasirika. "Siku moja si utafiti," alisema. "Tungoje."

Lakini Kiherehere hakungoja. Kesho yake, mara tu mama alipokwenda upande wa pili wa wodi kugawa dawa, alikuja bibi mmoja na kikapu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo bibi! Karibu sana. Maji hayo hapo, sabuni hiyo. Tunanawa kwanza."

"Marahaba, askari wangu," bibi akacheka, akaweka kikapu chini, akanawa mpaka kwenye viwiko.

Kumbe ni rahisi hivyo! "Kaka, kaka! Mbona unapita kama hujaniona? Mikono!" Yule kijana akarudi na aibu yake, akanawa. "Shangazi, na vidole katikati, usivisahau, navyo ni watoto wako." Watu walicheka, wakanawa. Jioni lile kopo lilitoa mahindi matupu, kama limetoka shambani. Mama alitazama, akainua nyusi.

"Hakuna hata harage moja?"

"Wamezoea, mama," alisema Kiherehere, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

Siku zikapita, kila jioni mama akiwa upande wa pili na dawa zake, mahindi yakafuata mahindi. Na kweli, matumbo ya wodini yakatulia. Wauguzi walianza kutembea wakiimba. Mganga mkuu, ambaye ndiye mkubwa wa hospitali nzima, alisema kama ndoo inafanya maajabu hayo, basi kila wodi ipewe yake, na mama aje mkutanoni aeleze. Mama alifurahi. "Tumehesabu vya kutosha sasa," alimwambia Kiherehere. "Kopo lipumzike, nawe ukajiandae na mtihani."

Juma la mtihani Kiherehere alibaki shuleni mpaka jua lipoe. Ulipokwisha, alikimbia moja kwa moja mpaka wodini, akitegemea kusikia "Kitendawili!" Hakusikia kitu. Kibogoyo alikuwa amelala ubavu, macho yameingia ndani, chupa ya maji ya chumvi na sukari iko kando yake.

"Nilikuwa niende nyumbani jana," alisema kwa sauti ndogo. "Tumbo limekataa."

"Pole, mdogo wangu. Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kuja. Ulikuwa wapi? Mlango ulikuwa kimya." Akafumba macho. "Ulipokuwa unawapigia kelele nilikuwa nacheka. Sasa wanapita tu."

Kiherehere alisimama pale na mkoba wake mgongoni. Ndoo ilikuwepo, imejaa. Sabuni ilikuwepo, kavu, ina vumbi kidogo juu yake.

Wakati wa chakula cha usiku ulipowadia, mama hakula vizuri. "Siwaelewi watoto wangu wa wodini," alimwambia bibi. "Ndoo ipo, sabuni ipo, watu wananawa wote, kopo limesema hivyo. Bado wanaharisha. Basi kasoro iko kwenye maji ya ile ndoo. Kesho asubuhi naiondoa, na mkutanoni nitawaambia wasiweke nyingine."

Kiherehere akarudisha tonge kwenye sahani. Alijua hakuna kasoro kwenye maji. Alijua pia kwamba akisema, mama ataaibika mbele ya mganga mkuu, na Mzee wa Stoo atapata la kuchekea mwaka mzima. Lakini alimwona Kibogoyo na yale macho yake. Wakiondoa ndoo, ataendelea hivyo hivyo, na wengine baada yake.

"Mama," alisema, "hawanawi."

"Nani hawanawi?"

"Wageni. Walinawa kwa sababu niliwaamuru. Nilipokuwa kwenye mtihani wakaacha. Lile kopo halikusema kweli. Mimi ndiye niliyelisemea."

Hata bibi aliacha kutafuna.

"Uliwaamuru siku ngapi?" mama aliuliza.

"Zote. Isipokuwa ile ya kwanza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ushinde."

"Nimshinde nani?"

"Mzee wa Stoo."

Bibi alikohoa, lakini kilikuwa kicheko. Mama hakucheka. "Mwanangu, mimi sikuwa nashindana na Mzee wa Stoo. Nilikuwa nashindana na tumbo la Kibogoyo. Uliponificha ukweli, ulinifunga kitambaa machoni, nami karibu niiondoe dawa nikidhani ni sumu."

Machozi yakamtoka Kiherehere. Mama akamvuta karibu. "Na mimi nina langu. Nilimpa mwanangu ahesabu kazi yangu mwenyewe. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Nilipaswa kumpa mtu asiye na ngoma."

"Haya basi," bibi akaingilia, akimwongezea mjukuu mboga, "mimi sijasoma sana, ila nauliza. Alipowapigia kelele, matumbo yalitulia?"

"Yalitulia," mama alijibu. Kisha akaweka kijiko chini. "Yalitulia kweli!" Akaanza kutabasamu taratibu. "Mama, si umbali wa maji. Ndoo peke yake ilikuwa haitoshi. Ni mtu wa kuwakumbusha!"

"Ndiyo hivyo. Hata mimi nyumba hii hainawi mpaka nipige kelele."

Siku ya mkutano mama alikwenda na kopo lake. Hakuficha kitu. Alieleza mbele ya waganga na wauguzi wote kwamba alichodhani kilikuwa nusu ya jibu, kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa na mkono wa mtu ndani yake, na kwamba anaomba kuhesabu upya. Mwanzoni watu walinong'ona. Mganga mkuu akasema, "Sista, mtu anayekuja kuniambia alipokosea, ndiye nitakayemwamini akiniambia alipopatia. Endelea."

Safari hii kazi ilikwenda kwa utaratibu. Wodi ya akina mama iliwekewa ndoo bila sauti. Wodi ya watoto ilikuwa na ndoo na mtu wa kukaribisha wageni. Muuguzi kutoka kitengo kingine kabisa alikaa na makopo, akahesabu kimya. Kule kwa akina mama maharage yalijaa. Huku kwa watoto yalijaa mahindi, na matumbo yakatulia tena. Jibu lilipokuwa wazi, hawakungoja. Wodi ya akina mama nayo ikapewa mkaribishaji, kisha wodi zote. Mama aliwaita wauguzi wenzake, wakapanga zamu, wakawafundisha ndugu wa wagonjwa kukaribishana kwa upole, bila kumwaibisha mtu.

Na unajua nani aliibuka mkaribishaji hodari kuliko wote? Mzee wa Stoo! Alikuwa na sauti kama ngoma. "Mikono kwanza, habari za nyumbani baadaye!" alinguruma mlangoni, na watu walinawa huku wakicheka. Sabuni ikipungua, ghala lilifunguka lenyewe.

"Mzee, si ulisema watu hawabadiliki?" Kiherehere alimchokoza.

"Nilisema watu," alijibu bila kupepesa. "Sikujisema mimi. Nawa mikono wewe, usinipotezee muda."

Mwalimu mkuu wa shule ya Kiherehere alisikia habari hizo, akaja kuuliza. Muda si mrefu kulikuwa na ndoo kwenye milango ya vyoo vya shule, na wanafunzi wa zamu wa kukumbushana. Nao walihesabiwa na mwalimu, si na wanafunzi wenyewe.

Siku ya Kibogoyo kuondoka, plasta ilikuwa imetolewa na mguu wake ulikuwa mwembamba kama wa korongo. Alisimama mlangoni ameshikwa mkono na baba yake.

"Kitendawili!" alisema, na tazama, jino jipya lilikuwa limechungulia.

"Tega! Lakini si sabuni."

"Haina maji, haina povu, lakini inanawisha watu."

Kiherehere alikuna kichwa. "Nakupa mji. Ni nini?"

"Sauti yako!"

Jioni hiyo mama na binti walirudi nyumbani polepole. Kiherehere akauliza, "Mama, kwa hiyo kiherehere changu ni kizuri au kibaya?"

"Mdomo wako ni mzuri sana, mwanangu. Ulikosea ulipoutumia kisha ukauficha. Anayetafuta jibu hapaswi kuchagua jibu analolipenda. Apokee lile lililokuja, hata likiwa maharage matupu. Na anayeongoza wengine hana budi kuwa wa kwanza kusema 'hapa nilikosea,' maana mgonjwa haponi kwa sifa zetu, anapona kwa ukweli. Ile jioni uliposema kweli mezani, ulimtibu Kibogoyo kabla ya dawa."

Walifika nyumbani. Harufu ya chakula ilitoka jikoni, na Kiherehere akaufuata mlango mbio, mkono umeshanyooka kuelekea sufuria.

"Wee!" bibi alipaza sauti. "Mikono!"

Kiherehere akageuka, akacheka, akaenda kunawa.