Mapipa Manane ya Gundi ya Nyuki

Simu iliita mara mbili, ikakatika. Ikaita tena.

"Hapo ni duka la vitambaa?" sauti iliuliza.

"Umekosea namba."

"Samahani. Saa saba kamili."

Nyigu, kama Ofisi ya ujasusi ilivyomwita, akakata. Hiyo ndiyo ilikuwa amri. Saa saba mchana mapipa manane ya gundi ya nyuki yangepakiwa kwenye lori kwenda kutengenezwa dawa ya kikohozi ya watoto. Ofisi ilikuwa na fununu kwamba kundi la walanguzi wa kigeni limeiba gundi halisi na kujaza lami yenye madini ya risasi.

Alikuwa na dakika ishirini na tano.

Kwa miezi minane alikuwa amejifanya fundi wa maabara kwenye ghala lililopima gundi hiyo. Jioni alirudi kwenye chumba chenye kitanda, sufuria moja na ukuta wa kutazama. Aliyekuwa akimwuliza kama amekula ni mmoja tu: mzee Mkemia, mkuu wa maabara.

Mkemia ndiye aliyemfundisha. Nyuki hukusanya utomvu kwenye machipukizi ya miti, huuchanganya na nta, kisha huziba nyufa za mzinga kwa gundi hiyo. Karibu nusu ya gundi ni utomvu, theluthi ni nta, na kinachobaki ni mafuta ya harufu na chavua. Ndani ya utomvu mna flavonoidi, na hizo huzima kemikali haribifu kabla hazijaula mwili kama kutu inavyokula bati.

Nyigu alishuka ghalani, bastola ya Beretta kiunoni, kichupa cha maji ya zambarau mfukoni. Alikwangua punje kwenye kila pipa, akaiyeyusha kwa spiriti, akadondoshea maji yake. Flavonoidi za gundi halisi huifuta zambarau na kuiacha njano.

La kwanza, njano. La pili, njano. La tatu na la nne, njano.

La tano likabaki zambarau.

La sita, la saba, la nane, vilevile.

Cheti kilichobandikwa kilisema yote manane yamepita. Saini ilikuwa ya Mkemia.

Mlango ukalia. Dereva wa lori aliingia mkono ukiwa ndani ya koti. Nyigu hakumngoja autoe. Alimpiga kiwiko cha koo, akampokonya bastola, akamfunga kwa waya wa mapipa.

Alipoinuka, Mkemia alikuwa amesimama mlangoni, miwani mkononi.

"Umeona rangi," mzee alisema.

"Nimeona. Ulinifundisha vizuri, mzee. Kwa nini?"

Mkemia alieleza polepole. Tangu mkewe afariki hakuna aliyekanyaga kwake. Wale wageni walikuja kila Jumapili, wakakaa, wakamsikiliza. Walipoomba saini moja alishindwa kukataa.

"Nami nilikuwepo," Nyigu alisema.

"Ulikuwepo kazini, mwanangu. Nilikukaribisha nyumbani mara ngapi?"

Nyigu alihesabu moyoni. Mara kumi na moja. Kazi yake ilimkataza.

Redio ya Motorola ikakoroma. "Nyigu, toa taarifa."

"Mapipa manne bandia. Dereva amefungwa. Wenzake watakuwa getini wakisubiri."

"Wameshakamatwa. Kuna mwingine ndani?"

Mzee alikuwa akifuta miwani yake kwa ncha ya koti, taratibu.

"Yupo," Nyigu alisema. "Hana silaha. Mshikeni kwa upole, ni mtu mzima."

Akavua koti la maabara, akamfunika nalo mzee mabegani, akatoka juani. Magari ya Ofisi yalimpita yakiingia. Dereva wa gari la nyuma alimuuliza kama anataka kupelekwa mahali.

Alisema hapana, akavuka barabara.