Picha za Bibi Bila Flashi

Duka la picha lilikuwa limefurika wanafunzi waliotaka picha za vitambulisho. Katikati ya msongamano huo alisimama mshonaji mmoja, gauni la kijani alilojishonea mwenyewe limemkaa kiunoni na kumwagika magotini, mkononi ana kamera ndogo ya filamu aliyopewa na mjomba wake.

"Nataka kumpiga picha bibi yangu siku yake ya kuzaliwa," alimwambia fundi wa kamera. "Katoka kufanyiwa upasuaji wa macho, flashi haitakiwi. Nikiizima, picha zinatoka ukungu mtupu."

Fundi alimtazama, akajisahau kidogo, kisha akachukua filamu aliyokuja nayo mshonaji, ya picha nyeusi na nyeupe.

"Kamera yako haina kitufe cha kuiambia kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga. Inasoma hii miraba kwenye kopo, inajiamulia yenyewe. Sasa tuidanganye." Akakwangua rangi hapa, akabandika kipande cha tepu nyeusi pale. "Itadhani filamu ina kasi kubwa zaidi. Itapiga haraka, picha isitoke ukungu hata mkono ukitetemeka."

"Unadanganya kamera tu, au na wasichana?"

"Wasichana ndio wananidanganya mimi. Nipe namba yako tuone."

Alicheka, akampa. Simu zikapamba moto.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Mwongo wewe!"

Siku ya bibi ilipopita, mshonaji alipeleka filamu duka la jirani na kwake ili amshangaze fundi kwa picha zilizokwisha safishwa. Zilitoka giza tupu. Cha bibi kilichoonekana ni mvi tu. Alilia palepale kaunta.

"Umeniharibia!" alimwambia fundi kwenye simu. "Nilikuamini kwa picha za bibi yangu!"

Akakata. Alipopigiwa tena, hakupokea.

Fundi alibaki na simu mkononi, moyo umemshuka. Ndipo alipokumbuka: hakumwambia kwamba filamu iliyopigwa hivyo lazima isafishwe kwa muda mrefu kuliko kawaida. Angemwambia, ila siku ile alikuwa anatazama vishimo vya mashavu yake. Akafunga duka, akaenda hadi kwenye cherehani ya mshonaji.

Mshonaji hakuinua kichwa. "Nguo za kiume sishoni."

"Nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu, sikukueleza jinsi ya kuisafisha. Nipe negativu, zile filamu zilizosafishwa."

"Zimekufa."

"Zimezimia tu, mpenzi. Nipe."

Katika chumba cha giza alizichapa moja moja, akijaribu karatasi hii na ile, nyingi zikaishia pipani. Jumapili akaja nyumbani kwa bibi na bahasha. Picha zilikuwa na chengachenga, lakini bibi alikuwemo, anacheka, kiganja kimeficha pengo.

Mshonaji alizitazama mpaka machozi yakamlengalenga. "Mbona siku ile nilipokufokea hukukasirika?"

"Ningekasirikaje? Nilikuwa na kosa, na nilikuwa nimeshakupenda." Akamsogelea. "Nikuoe?"

"Muulize bibi," alisema, akijificha uso kwa mtandio.

Fundi akapiga goti mbele ya kiti cha bibi. "Shikamoo, bibi. Naomba kuoa hapa."

"Marahaba." Bibi alimkagua juu hadi chini. "Umechelewa, mjukuu wangu. Mimi nina mume, yuko uani anamwagilia maua."

Wote wakaangua kicheko. Bibi akamshika mshonaji mkono, akamvuta mbele.

"Huyu ndiye bado," akamwambia fundi. "Haya, kamwite babu yako, aje asikie mwenyewe."