Mpaka Mjukuu Akauke

Mvua ilipoanguka, soko zima la vitambaa lilikimbilia chini ya bati moja. Wauzaji na wanunuzi, vikapu na miavuli iliyogoma kufunguka, wote wakabanana kama nguo ndani ya sanduku. Katikati yao alisimama mshonaji mmoja aliyevaa gauni la manjano alilolishona mwenyewe, pindo lake limenyooka kama limepigwa rula. Ilikuwa mara ya kwanza kulivaa. Ghafla akahisi joto kiunoni, joto lililoteremka taratibu hadi gotini.

Akageuka. Nyuma yake alikuwepo mwanamume mrefu mwenye vumbi la sponji nyweleni, na kwenye zipu ya koti lake kilichungulia kichwa cha mtoto wa mbwa, kina macho ya mtu aliyetua mzigo.

"Kaka, mbwa wako amenikojolea."

"Si yeye, dada. Ni mvua."

"Mvua ya moto?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mwanamume akatazama gauni, akatazama mbwa, akakosa pa kuficha uso.

"Samahani, dada'angu. Nimemchukua sasa hivi. Bado hajui choo."

"Na wewe hujui kumbeba. Mbwa akitoka kulala anawekwa chini kwanza ajisaidie, hafungiwi kwenye koti. Kwetu tumefuga."

"Basi nifundishe."

"Nikufundishe wewe au yeye?"

"Anza na yule mgumu."

"Ndiyo maana nikauliza."

Hapo hapo mwanamume akampachika jina la Sindano, kwa sababu, alisema, kila akifungua mdomo kuna mtu anachomwa. Yeye alikuwa fundi wa makochi, na Sindano hakumwita kwa jina jingine ila Fundi. Mvua ilikatika wasijue. Bati lilibaki na watu wawili na mbwa.

Mbwa alichukuliwa kwa ajili ya mama yake Fundi. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi. Mguu wa kushoto aliuburuta, na mchana kutwa alishinda peke yake katika nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, mwanawe akiwa karakana anapigilia misumari. Alipowekewa yule mbwa mapajani alimtazama sana, kisha akamtazama mwanawe.

"Nimeomba mjukuu siku zote, ndiyo huyu umeniletea?"

Jina likamganda mbwa. Mjukuu.

Sindano akawa anapita kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye cherehani yake, Fundi akiwa ameshatoka. Mjukuu akiamka, Sindano alimbeba hadi kona ya ua penye bomba, akamweka chini, akasema "Haya!" na kungoja. Mbwa akikojoa, alisifiwa kama aliyefaulu mtihani. Akikosea ndani hakupigwa wala kufokewa. Palifutwa kwa maji na siki, kazi ikaanza upya. Jioni zamu ilikuwa ya Fundi, na baada ya zamu simu ililia.

"Haloo, Sindano yangu."

"Kafanya?"

"Kafanya. Kwenye kona penyewe."

"Umemsifu?"

"Nimemsifu mpaka jirani kachungulia. Na mimi nani ananisifu?"

"Kwani wewe umefanya nini?"

"Nimekukumbuka."

"Haya! Mtoto mzuri."

Mama alikuwa anawasikiliza kutoka kwenye kiti chake, akicheka kwa ule upande wa uso uliobaki na uhai. Ndiye aliyeweka sharti.

"Asiyeweza kumfundisha mtoto wa mbwa, wa kwake atamlea vipi? Mjukuu akikauka, nenda kwa wajomba wa huyu binti ukaseme nao."

Walicheka wote watatu. Lakini mzaha wa mzazi una mizizi. Tangu hapo kila sakafu ikikutwa kavu, Sindano alitembea kwenda kazini kama aliyepiga hatua kuelekea nyumbani kwake.

Na Mjukuu akakauka. Wiki zikapita ukumbi haujaona unyevu. Fundi akanunua shati jeupe, akatuma salamu kwa wajomba, siku ikapangwa. Ndipo asubuhi moja kikakutwa kidimbwi mbele ya mlango wa chumba cha Mama.

"Tumerudi nyuma," Fundi alisema simuni, sauti imemshuka.

"Hutokea, mpenzi. Watoto wa mbwa ndivyo walivyo. Tunaanza upya."

Wakaanza upya. Kidimbwi kikarudi, mahali pale pale. Safari ya wajomba ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Fundi akaanza kumtazama mbwa kwa jicho la mtu aliyeletewa kochi lililovunjika na kuambiwa ni yeye aliyelivunja.

Siku moja Sindano aliwahi kidogo kwa sababu wingu lilikuwa limefunga. Alisukuma mlango polepole. Mjukuu alikuwa ndani ya boksi lake, amelala, mkavu. Sakafuni Mama alikuwa amepiga goti moja, mguu mbovu umetupwa pembeni, gauni la kulalia limelowa nyuma. Alikuwa akifuta sakafu kwa shuka lake. Wakatazamana.

"Mama."

"Funga mlango."

Sindano akafunga.

"Mguu haufiki chooni tena," Mama alisema, macho chini. "Naamka vizuri. Natoka vizuri. Hapa mlangoni ndipo..." Hakumaliza.

"Tumwambie Fundi, Mama. Tutakuwekea ndoo karibu na kitanda."

"Hapana! Yule nilimsafisha mimi. Nilimfunga nepi mimi. Leo anione hivi? Niapie."

"Mama, mbwa ndiye anayebeba lawama."

"Mbwa hana aibu, mwanangu. Mimi ninayo. Mwache anibebee."

Sindano akaapa. Akamwogesha, akamvalisha gauni jingine, akasuuza shuka bombani. Alipokuwa anakamua, Mjukuu alitoka mwenyewe, akaenda konani pake, akakojoa, kisha akaja kungoja sifa, mkia unachapa ndoo. Sindano hakuweza kumtazama.

Alileta ndoo hata hivyo, yenye kifuniko. Mama akaisukumia mvunguni. Ndoo itaonekana, alisema. Mtu haulizi ndoo ni ya nani, anajua.

Basi zikaja asubuhi ambazo Fundi aliamka kabla Mama hajafuta. Alikikuta kidimbwi, akamshika mbwa shingoni, akamkandamiza pua kwenye mkojo usio wake, akamtandika kwa ndara. Sindano akifika humkuta Mjukuu chini ya kochi anatetemeka, na Mama kitandani amejifunika hadi utosini. Haikuchukua muda uongo ukapata miguu: Fundi akiingia tu, kabla hajatamka neno, Mjukuu alijikojolea kwa hofu. Sasa kweli alikuwa analowesha.

Jumapili alasiri Sindano alimkuta Fundi ukumbini na ndara mkononi.

"Usimpige, nakuomba."

"Mnafanya nini humu asubuhi? Huwa unamtoa kweli?"

"Namtoa."

"Mbona sakafu inalowa?"

Sindano akautazama mlango wa Mama. Ulikuwa wazi upana wa kidole. "Sijui."

"Hujui! Wewe uliyenifundisha, leo hujui." Fundi akatupa ndara chini. Mbwa akaruka. "Sema tu kweli. Akikauka itabidi uolewe, na wewe hutaki. Umepata mbwa wa kukukingia."

"Fundi, unasikia unachokisema?"

"Nasikia. Wajomba zako nimewaahirisha mpaka naona haya kupokea simu zao. Nikuulize basi: kuna mwingine?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Sindano. Neno moja tu, na yangekwisha. Lakini nyuma ya mlango ule kucha za Mama zilikwaruza mbao, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani. Sindano akalimeza. Akatoa mkobani ufunguo aliopewa wa nyumba ile, akauweka kwenye mkono wa kochi, akaondoka amevaa lile gauni la manjano ambalo doa lake halikuwahi kutoka sawasawa.

Jioni ile Fundi alimtia Mjukuu kwenye boksi akampeleka kwa mlinzi wa ghala la mbao.

"Umemtoa mjukuu wangu," Mama alisema.

Sindano alirudi kwenye cherehani yake. Alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, akafumua, akashona tena vile vile. Simu ililala kando ya mkasi, kimya kama deni. Ilipolia hatimaye, alikuwa na pini mdomoni.

"Sindano."

Akazitoa pini moja moja. "Naam."

"Sakafu imelowa."

Sindano akazichomeka pini kwenye kitambaa.

"Sakafu imelowa, na mbwa hayupo."

"Najua."

"Ulijua?"

"Aliniapisha."

Ikaja sauti ya mtu mzima anayejaribu kupumua.

"Nilikuwa nampiga pale pale mlangoni, Sindano. Mama alikuwa anasikia. Kila pigo lilikuwa lake. Leo amenikuta na kitambaa mkononi, amegeukia ukutani. Hataki chai, hataki maji. Njoo, mpenzi."

"Mbwa yuko wapi?"

"Kwa mlinzi, ghalani."

"Nakuja. Tutaanza na huko."

Mjukuu alikuwa amefungwa kamba kwenye gurudumu bovu, sikio moja limechanika, mbavu zimejichora. Alipomwona Fundi alilala chali, akajikojolea tumbo zima. Fundi akapiga magoti kwenye vumbi la mbao.

"Ananiogopa."

"Ulimfundisha," Sindano alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na mimi nilikuacha umfundishe."

Alimbeba yeye. Nyumbani akamweka kitandani, mgongoni kwa Mama. Muda ukapita. Mkono mmoja ukatoka upande wa ukutani, ukapapasa, ukaligusa sikio lililochanika, ukabaki hapo.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. "Mama," alisema, "mgongo huo nimeulowesha mimi tangu nazaliwa. Ulinipeleka kwa mlinzi?"

Mama hakugeuka. "Kuna siku nilitamani."

Kicheko kikamtoka Sindano, na machozi yakakifuata nyuma nyuma.

Tangu siku hiyo Fundi alifua mashuka kwa mikono yake. Ndoo ikatoka mvunguni. Mama hakuacha kuona aibu. Mwanawe alipombadilisha alijifunika uso kwa upande wa shuka, na Fundi alijifunza kumsimulia habari za wateja wakorofi mpaka kazi iishe. Aibu ilibaki. Ila haikuwa tena na mbwa wa kuibeba.

Jioni moja bombani, mikono ya shati imekunjwa, povu hadi kwenye viwiko, Fundi aliuliza bila kuinua kichwa, "Bado utanikubali?"

"Mama alishaweka sharti. Mjukuu akauke. Aje kwenye mkono wako mwenyewe, asilowe."

"Itachukua muda."

"Nani amekwambia nina haraka?"

Ikawa ndiyo kazi yake kila jioni. Aliketi sakafuni, amempa mbwa ubavu, asimtazame, asiseme neno, kiganja kimefunguka chini. Mjukuu alikuja nusu ya njia, akalowa, akakimbia. Fundi alifuta, akarudi kuketi. Siku nyingine mbwa alifika mpaka kwenye vidole. Mlango ukabamizwa na upepo, wakarudi mwanzo. Fundi alifuta, akaketi.

Na wakati mbwa anakuja kidogo kidogo, Mama alikuwa anakwenda kidogo kidogo. Ulianza mkono kufuata mguu, kisha kijiko kikawa kizito, kisha maneno. Likabaki moja, nalo alilisema kila jioni mwanawe akimfunika.

"Kakauka?"

"Bado, Mama. Kesho."

Alikufa alfajiri, katikati ya kusafishwa, mwanawe akiwa anamsimulia habari za mteja aliyerudisha kiti kwa sababu kinalia. Sindano alikuwa ameshika beseni. Waliona wote wawili kwamba kwa mara ya kwanza hakuwa amejifunika uso.

Wajomba walikuja mazikoni. Mkubwa wao alimshika Fundi bega pale kaburini, akamwambia, "Baba, ukiwa tayari, njoo. Usipangiwe siku." Wakaondoka, na wageni wengine nao wakapungua, mpaka nyumba ikabaki na viti vilivyopangwa kando ya ukuta bila mtu.

Asubuhi Sindano alipoingia, gauni lake jeusi bado lina vumbi la jana, alimkuta Fundi amesimama mbele ya mlango wa Mama na ndoo ya maji na kitambaa. Aliamka navyo kwa mazoea. Sakafu ilikuwa kavu kutoka mlangoni hadi dirishani.

Fundi akakaa chini pale pale, mgongo kwenye mlango, mkono umeanguka pembeni wazi. Hakuwa anafundisha. Alikuwa amechoka tu. Mjukuu akatoka chini ya kochi, mbwa mkubwa sasa, akavuka ukumbi wote bila kusimama, akalaza kidevu kwenye kile kiganja. Sindano aliangalia chini yake. Palikuwa pakavu.

"Kakauka," Fundi alisema.

"Nimeona."

"Sakafu yote imekauka, Sindano."

Sauti yake ilikatika. Sindano hakumwambia nyamaza. Alikichukua kitambaa, akakichovya kwenye ndoo, akapiga magoti kando yake, akaanza kufuta mbele ya ule mlango. Baada ya muda Fundi akaukunja mkono wa shati, akashika upande wa pili wa kitambaa, wakafuta wote.