Chupa Iliyorudi Imeoshwa

Maiti ilikoroma.

Waosha maiti wawili walitupa kata za maji wakakimbilia uani, na sanda iliyokwisha kukatwa ikabaki juu ya kiti. Ndivyo Inspekta Raphaël wa polisi ya Kabambare alivyoitwa asubuhi ile ya mwaka 1956. "Maiti" yenyewe ilikuwa Bulaimu, muuza vitambaa, aliyelala tangu juzi jioni asiamshike.

Raphaël alimfunua kope, akamshika mshipa wa mkono. Ulikuwa ukipiga, polepole.

"Mtu anapumua, nanyi mnamwosha!"

"Alikuwa baridi kama jiwe, Bwana Inspekta," akasema Nuru, dada mkubwa wa Bulaimu. "Na huyu miaka miwili hajui usingizi. Mutu kama huyo akilala siku nzima, wewe ungesemaje?"

"Ningemwita mganga."

"Mganga ndiye aliyemwua!"

"Mama, hajafa."

"Basi ndiye aliyetaka kumwua. Alimbadilishia dawa."

Raphaël akapangusa uso kwa leso. Msimamizi wa teritwari, mkubwa wa serikali pale, alikwisha kumwambia wazi: lori la serikali linaondoka saa tisa kwenda gereza la Kasongo, na Dominique, mganga wa zahanati, atapanda na pingu mikononi, isipokuwa apatikane mwenye kosa mwingine. Saa tano ilikuwa imekwisha kupita.

Kule zahanati alimkuta Dominique ameinamia daftari, macho mekundu.

"Ulimpa nini?"

"Mwanzo bromidi, dawa ya maji, vijiko vitatu kwa siku. Ikamtia ukungu kichwani tu. Anasahau bei ya vitambaa vyake, moyo unamwenda mbio, usingizi hapana. Ndipo daktari akaandika gardenali, vidonge vya usingizi. Kidonge kimoja jioni."

"Kimoja?"

"Kimoja! Na nilimwambia mke wake mara tatu: dawa hizi mbili hazikutani tumboni. Ukichukua hii, ile irudi hapa."

"Ikarudi?"

"Chupa ilirudi Alhamisi." Dominique akaitoa rafuni, uso umemchangamka. "Tazama, imeoshwa! Wengine wananiletea chupa zinanuka mawese."

"Na dawa iliyokuwa ndani?"

"Bwana Inspekta, chupa hizi tunaletewa ishirini kwa mwaka mzima, na..."

"Dominique! Sikuulizi habari za chupa. Uliijaza lini?"

"Jumatatu."

"Dawa ya siku ngapi?"

"Kumi na tano."

Dominique akahesabu kwa vidole. Dawa ya siku zaidi ya kumi haikurudi.

"Nilifurahi kuona chupa," akasema.

Raphaël alitamani kuipasua chupa ile ukutani. Akaitia mfukoni, iwe kielelezo.

Jikoni kwa Bulaimu alipekua masufuria, vikapu, hata kinu. Mwamvita, mke wa Bulaimu, alisimama mlangoni na mtoto wake amelala mgongoni. Juu ya dari ya kuni Raphaël alikuta kibuyu kilichozibwa kwa gunzi la mahindi. Akadondoshea kiganjani, akaonja. Utamu kidogo, kisha chumvi kali.

"Hii nini?"

"Maji ya mutoto."

"Vizuri."

Akajaza kijiko, akakinyoosha kuelekea mdomo wa mtoto. Mwamvita akakipiga kofi, kikaruka hadi uani.

"Hapana! Hapana, Bwana Inspekta."

"Basi sema. Ulimpa mumeo vijiko vingapi?"

"Vitatu. Kama zamani."

"Na vidonge?"

"Vitatu pia."

"Mganga alisema kimoja!"

"Kimoja hakikutosha. Aliamka."

"Ulitaka afe?"

"Afe?" Machozi yakamtoka. "Mutoto wetu wa kwanza alilala, hakuamka. Tangu siku ile Bulaimu anaogopa usingizi, wake na wa watu. Huyu naye akifumba macho, baba anamwamsha, aone kama iko hai. Mchana, usiku. Tazama shingo yake ilivyokwisha! Anakosa hata nguvu ya kunyonya. Nilimwambia baba, hasikii. Nikasema, baba akilala, mutoto atalala. Siku moja tu, mama yangu, siku moja!"

"Talaka leo hii," Nuru akafoka kutoka nyuma. "Na mutoto anabaki kwetu!"

"Wifi, mutoto bado ananyonya!"

"Nani anapiga kelele?"

Sauti ilikuwa nzito, kama inatoka kisimani. Wote wakageuka. Bulaimu alikuwa ameegemea mlango, uso umevimba, akiyatazama mavazi yake yaliyolowa.

Raphaël akamweleza yote, bila kupamba. Hata sanda hakuiacha.

"Ukimshtaki mkeo, yeye ndiye anayepanda lori," akamalizia. "Ukiniambia ni makosa ya kipimo, hapandi mtu, wala Dominique. Ila dawa zote zinarudi zahanati, nawe utameza mbele yake kila jioni. Sema, saa nane inakwisha."

Bulaimu alimsogelea mkewe. Alikuwa akimtazama mtoto.

"Amelala tangu lini?"

"Tangu ulipolala wewe," akasema Mwamvita. "Anaamka, ananyonya sana, analala tena."

Bulaimu akanyoosha kidole kuelekea pua ya mtoto. Mkono ukasimama hewani. Raphaël, aliyekuwa na hasira ya kutwa nzima, alijikuta amezuia pumzi.

Mkono ukarudi. Bulaimu akaushika kwa ule mwingine, akaukaza kifuani.

"Andika makosa ya kipimo," akamwambia inspekta. "Na sema polepole."